Nukta kwa Nukta: Jinsi Wingu Dogo la Magellan Lilivyopimwa

Mwezi wa Novemba, kiasi cha saa tatu usiku, mtu aliyesimama Kilwa au Mtwara, mbali na taa za mji, anaweza kuiona galaksi nyingine kwa macho yake mwenyewe. Aitafute kwanza Akhiri ya Nahari, nyota inayong'aa peke yake upande wa kusini, kisha ateremke kuelekea upeo kwa upana wa ngumi moja na nusu ya mkono ulionyooshwa. Hapo pana doa la mwanga hafifu. Asiyelijua hudhani ni kipande cha wingu la kawaida, lakini akilitazama kwa saa nzima ataona kwamba linasafiri pamoja na nyota. Ni Wingu Dogo la Magellan, lililopewa jina la baharia Mreno ambaye msafara wake uliizunguka dunia kati ya mwaka 1519 na 1522.

Wanaastronomia huliweka katika kundi la galaksi kibete zisizo na umbo maalumu. Ni kibete kwa sababu nyota zake ni sehemu ndogo tu ya zile zilizomo katika galaksi yetu, Njia Nyeupe. Halina umbo maalumu kwa sababu halina mikono iliyojipinda wala kitovu kilichokaa sawasawa. Jirani zake wakubwa, yaani Wingu Kubwa la Magellan na Njia Nyeupe yenyewe, wamelivuta huku na huku, hata sehemu ya gesi yake imetapakaa katika nafasi iliyopo kati ya mawingu hayo mawili. Mwanga wake husafiri karibu miaka 200,000 kabla ya kuingia machoni mwetu.

Umbali huo una historia, na historia yake inapita kwenye meza moja huko Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani, mji ambako Wingu Dogo halionekani kamwe kwa kuwa limejificha chini ya upeo mwaka mzima. Mezani alikaa Henrietta Swan Leavitt, aliyezaliwa mwaka 1868. Aliingia katika kituo cha kuchunguza nyota cha Chuo cha Harvard kwa kujitolea miaka ya 1890, na baadaye akaajiriwa kwa ujira wa senti 30 kwa saa. Usikivu wake ulikuwa ukififia mwaka hadi mwaka. Mkurugenzi wa kituo, Edward Pickering, alikuwa na kundi la wanawake waliopima na kukokotoa mchana yale ambayo darubini zilikuwa zimeyapiga picha usiku. Kazi yao ilikuwa ya macho, wino na daftari, na inastahili kufuatwa hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza iko Arequipa, Peru. Harvard ilikuwa na kituo chake cha kusini katika mji huo, zaidi ya meta 2,400 juu ya usawa wa bahari, karibu na volkano ya Misti, ambako hewa ni kavu na mawingu ni machache kwa miezi mingi. Darubini iliyotumika kwa kazi hii ilifikishwa huko mwaka 1896. Ilijengwa kwa fedha za Catherine Wolfe Bruce, mwanamke tajiri wa New York aliyetoa dola 50,000, nayo ikaitwa kwa jina lake. Lenzi yake ilikuwa na kipenyo cha sentimita 61. Sifa yake kubwa ilikuwa upana wa anga iliyoweza kuchukua kwa mara moja. Bamba lake la kioo lilikuwa na sentimita 35 kwa 43, na milimita moja juu ya bamba ilikuwa sawa na dakika moja ya tao angani, yaani sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja. Wingu Dogo, lenye upana wa nyuzi kadhaa, liliweza kukaa katika kioo kimoja.

Bamba ni kioo kilichopakwa upande mmoja utando mwembamba wa jelatini, na ndani ya jelatini mna chembe za chumvi ya fedha ambazo hubadilika zikiguswa na mwanga. Mpigapicha hulitoa kwenye sanduku lake gizani. Huutambua upande wenye utando kwa kugusa ukingo kwa ncha ya kidole, kwa kuwa upande huo hauna utelezi wa kioo kitupu. Hulipachika katika fremu yake, hulifunika, hulipeleka kwenye darubini, na hulifunua pale tu darubini inapokuwa imekwisha elekezwa.

Hapo ndipo usiku unapoanza kuwa mrefu. Dunia inazunguka, na nyota zinaonekana kuhama. Mtambo wa saa huigeuza darubini polepole ili izifuate, lakini mtambo wenyewe una dosari zake ndogo, ukitangulia kidogo au ukichelewa kidogo. Kwa hiyo mpigapicha huweka jicho kwenye darubini ndogo ya kuongozea, ambamo nyota moja imewekwa penye makutano ya nyuzi mbili nyembamba. Nyota ikianza kutoka kwenye makutano, huirudisha kwa kuzungusha skrubu, tena kwa upole, maana kuipitiliza ni kosa jipya. Hukaa hivyo saa mbili, saa tatu, wakati mwingine saa nne, katika baridi ya mlimani. Akizembea dakika chache, kila nyota katika bamba itaacha alama ndefu badala ya nukta. Bamba haliwezi kudanganya juu ya usiku ulivyokwenda: mviringo wa nukta zake ndio ushahidi wa umakini wa mtu aliyeliongoza.

Kunapopambazuka bamba huwa tayari kusafishwa. Chini ya taa nyekundu iliyofifia, huwekwa katika sinia na kumwagiwa dawa kwa mkupuo mmoja, ili dawa ifike kila pembe kwa wakati mmoja. Sinia hutikiswa bila kusita. Nukta kubwa hutokeza kwanza, kisha ndogo, kisha vumbi la nukta zisizohesabika. Dawa ya pili huondoa chumvi ya fedha ambayo mwanga haukuigusa, na maji safi huondoa mabaki ya dawa zote mbili. Bamba husimamishwa likauke mahali pasipo na vumbi. Linalobaki ni anga iliyopinduliwa rangi: kioo cheupe chenye nyota nyeusi.

Katika picha ya namna hii, nyota yenye mwanga mwingi huacha nukta iliyo nyeusi zaidi na pia pana zaidi, kwa kuwa mwanga wake husambaa ndani ya jelatini. Nyota zote ni nukta tupu machoni petu, ila juu ya bamba mwangaza umekwisha geuka kuwa ukubwa, na ukubwa ni kitu ambacho jicho la mwanadamu linaweza kukipima. Kazi yote inayofuata imesimama juu ya jambo hilo.

Mabamba yalishuka kwa reli hadi bandari ya Mollendo, yakapakiwa melini, yakafika Massachusetts baada ya safari ndefu. Huko yaliwekwa katika jengo la matofali lililojengwa kwa ajili ya kuyakinga na moto. Kila bamba lilivalishwa bahasha yake iliyoandikwa namba, tarehe, saa, muda wa picha na sehemu ya anga. Uandishi huo wa kikarani ni sehemu ya ufundi. Picha ya nyota isiyo na saa yake haina faida kwa mtu anayetafuta mabadiliko.

Sasa tufike mezani. Bamba limeegemezwa kwenye fremu ya mbao iliyoinama. Chini yake pana kioo cha kujitazamia kilichoelekezwa dirishani, nacho huurusha mwanga wa mchana upenye bamba kutoka nyuma. Mkono mmoja una lupu, yaani kioo kidogo cha kukuzia. Mkono wa pili una kalamu ya wino, na wino huwekwa upande wa kioo kitupu, kamwe si upande wa jelatini, ili alama iweze kufutwa bila kuigusa nyota. Pembeni pana daftari. Chumba kina wanawake wengine wanaofanya kazi kama hiyo, kila mmoja na sehemu yake ya anga.

Tatizo la kwanza ni kutafuta. Leavitt alikuwa akizitafuta nyota badilifu, yaani zile ambazo mwanga wake hujaa na kupwa. Kuchungulia nukta moja moja katika mabamba mawili na kuzilinganisha kwa kumbukumbu kungemchosha mtu bure, kwa kuwa ndani ya Wingu Dogo zimesongamana makumi ya maelfu. Njia ya Harvard ilikuwa ya werevu. Kutoka kwenye bamba la usiku mmoja walitengeneza nakala iliyopinduliwa rangi mara ya pili, hivyo nyota zikawa nyeupe juu ya weusi. Nakala hiyo ililazwa juu ya bamba la kawaida la usiku mwingine, nyota juu ya nyota, hadi zikalingana. Nyota isiyobadilika hujifuta: nukta yake nyeusi huziba tundu lake jeupe. Nyota iliyofifia huacha pete nyeupe kuzunguka nukta yake. Nyota iliyoongezeka huvimba kupita tundu lake na kuonyesha ukingo mweusi. Jicho linalopita polepole, safu baada ya safu, husimama penye pete au ukingo.

Kusimama si kuamini. Chembe ya vumbi huweza kujifanya nyota. Mkwaruzo, povu dogo katika jelatini na chembe ya fedha iliyojipaka weusi bila sababu vyote huonekana kama nukta iliyojitokeza usiku mmoja. Katikati ya Wingu, nyota mbili zilizo jirani huungana katika usiku wa hewa chafu na kuachana katika usiku wa hewa tulivu, na mtazamaji mwenye haraka angesema moja imebadilika. Kwa hiyo kila nyota iliyoshukiwa ilipelekwa kwenye bamba la tatu, la nne na la tano kabla ya kuzungushiwa duara la wino na kuandikwa.

Kazi juu ya Wingu Dogo ilipata kasi mwaka 1904. Mabamba mawili ya darubini ya Bruce yalipolinganishwa, yalionyesha nyota badilifu kadhaa zenye mwanga hafifu. Baadaye mwaka huohuo mabamba 16 zaidi yakapigwa Arequipa, kila moja kwa muda wa saa mbili hadi nne. Yalipofika Cambridge mnamo Januari 1905 na kulazwa moja juu ya jingine, nyota badilifu zikaanza kutokea kwa mamia.

Baada ya kutafuta kulikuja kupima, na hapo ndipo subira ya Leavitt inapoonekana vizuri zaidi. Ili kusema nyota imefikia mwanga kiasi gani, ni lazima pawe na kipimo, na kipimo lazima kitoke kwenye bamba lilelile, kwa kuwa mabamba mawili hayafanani kamwe. Moja limekaa kwenye dawa kidogo zaidi, jingine limepigwa usiku wenye ukungu. Mpimaji huchagua nyota za kulinganishia, zilizo karibu na nyota anayoichunguza na ambazo zimethibitika hazibadiliki. Huzipanga kwa ngazi, kutoka yenye mwanga mkubwa hadi iliyofifia kabisa. Kisha huitazama nyota badilifu na kuuliza: ni kubwa kuliko ya tatu na ndogo kuliko ya pili, lakini iko karibu na ipi, na kwa sehemu ngapi za kumi? Hujibu, huandika, na huhamia bamba linalofuata.

Palikuwa na chombo kingine cha mkononi: kipande kidogo cha kioo chenye mpini, ambacho juu yake zimepigwa nukta kadhaa za ukubwa unaojulikana, kubwa hadi ndogo. Mpimaji hukisogeza juu ya bamba mpaka moja ya nukta hizo iwe ubavuni mwa nyota, kisha huona ipi inafanana nayo. Chombo ni chepesi, ila jicho linalokitumia linahitaji miaka. Ni lazima litoe hukumu ileile asubuhi na alasiri, siku ya jua na siku ya theluji, juu ya nukta iliyo peke yake na juu ya nukta iliyobanwa na jirani. Mpimaji mzuri lazima pia asahau. Akikumbuka alichokiandika jana juu ya nyota hii, mkono utavutwa kuandika kinachofanana nacho.

Mwishoni, kila nyota ina safu ya makadirio, na kila kadirio lina tarehe na saa yake. Sasa swali ni kipindi: nyota hujaa na kupwa mara moja kwa muda gani? Makadirio yametapakaa. Usiku mmoja hapa, usiku mwingine baada ya wiki tatu, kisha pengo la miezi kwa sababu ya mvua za Peru. Mpimaji hukisia kipindi, huyarudisha makadirio yote ndani ya mzunguko mmoja kwa kugawanya na kubakisha salio, halafu huyachora. Kipindi kikiwa si sahihi, alama hutapakaa ovyo. Kikiwa sahihi, hujipanga katika mstari mmoja: mwanga unapanda kwa kasi, kisha unashuka taratibu. Sura hiyo ndiyo alama ya nyota za aina ya Sefeidi, zilizoitwa hivyo kutokana na nyota moja ya kundinyota la Kifausi ambayo John Goodricke, kijana Mwingereza aliyekuwa kiziwi, aliitambua kuwa badilifu mwaka 1784.

Hapa pana mtego mzuri ambao hesabu yenyewe inauonyesha. Wingu hupigwa picha usiku tu, mara nyingi karibu na saa ileile. Chukua nyota yenye kipindi cha siku moja na robo. Ukiitazama kila baada ya siku moja kamili, utaikuta kila mara iko nyuma kidogo katika mzunguko wake, na baada ya siku tano itakuwa imerudi ulipoianzia. Utaapa kwamba kipindi chake ni siku tano. Ila mzunguko huo wa uongo umeusoma kinyumenyume: mwanga utaonekana ukipanda taratibu na kushuka kwa kasi, na nyota za Sefeidi hazifanyi hivyo. Aliyeyajua maumbile ya nyota zake hushtuka, hurudi kwenye daftari, na hujaribu tena.

Mara kipindi kinapopatikana, miaka mingi ya mabamba hukinoa. Nyota ya siku moja na robo hukamilisha mizunguko karibu 300 kwa mwaka. Kosa dogo katika kipindi hujirundika kila mzunguko, na baada ya miaka kadhaa huonekana wazi: nyota haipo mahali ilipotazamiwa. Kwa kulirekebisha kosa hilo, vipindi vifupi vilipatikana hadi sehemu ndogo kabisa za siku, kwa kutumia picha ambazo kila moja ilichukua saa kadhaa kupigwa.

Mwaka 1908 Leavitt alichapisha orodha yake katika jarida la kituo. Nyota badilifu zilikuwa 1,777: 808 katika Wingu Kubwa na 969 katika Wingu Dogo. Kurasa zake ni majedwali matupu ya namba ya nyota, mahali pake, mwanga wake wa juu na mwanga wake wa chini. Kwa nyota 16 za Wingu Dogo aliweza kutoa vipindi pia, na hapo akaweka neno fupi kwamba nyota zenye mwanga zaidi zina vipindi virefu zaidi. Hakuongeza chumvi. Nyota 16 zilitosha kuamsha swali, hazikutosha kulijibu.

Ilichukua miaka minne kulirudia jambo hilo kwa ukamilifu. Katikati ya miaka hiyo Leavitt aliugua kwa muda mrefu, akakaa na wazazi wake Beloit, Wisconsin, na mwaka 1911 akafiwa na baba yake. Pickering alimpelekea kazi nyingine huko kwa posta. Tarehe 3 Machi 1912 ukatoka waraka mfupi wa kituo, Waraka namba 173, wenye saini ya Pickering na maelezo kwamba ulitayarishwa na Bi Leavitt. Ulihusu nyota 25 za Wingu Dogo. Ya kipindi kifupi kuliko zote ilikuwa na siku kama moja na robo, ya kipindi kirefu kuliko zote siku 127.

Mchoro wa kwanza uliweka vipindi kwenye mhimili mmoja na mwangaza kwenye mwingine, na alama zikajipanga katika tao. Mchoro wa pili ulitumia logi ya kipindi badala ya kipindi chenyewe, na tao likanyooka. Mistari ilikuwa miwili sambamba, mmoja wa mwanga wa juu na mmoja wa mwanga wa chini, na nyota zote 25 zilikuwa juu yake au ubavuni mwake. Ingekuwa makadirio yalifanywa kwa pupa, alama zingetawanyika na mistari isingeonekana.

Uzito wa mistari ile unaeleweka kwa urahisi na mtu wa pwani. Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa baharini na karabai zao, ukiwa nchi kavu huwezi kujua kama taa hafifu ni ndogo au iko mbali. Lakini wakiwa wote wamekusanyika penye mwamba mmoja, mbali na ufuko, taa inayoonekana kubwa ndiyo iliyo kubwa kweli. Nyota za Wingu Dogo ziko mbali nasi kwa kiasi kinachokaribiana. Kwa hiyo tofauti ya mwanga wake ni tofauti ya kweli, na kipindi kinaieleza. Pima siku ambazo Sefeidi huchukua kujaa na kupwa, nawe umejua nguvu yake. Linganisha nguvu hiyo na mwanga unaokufikia, nawe umepata umbali.

Leavitt aliandika jambo hilo kwa tahadhari, akisema kwamba nyota zile huenda ziko karibu umbali mmoja. Tahadhari ile imethibitika kuwa ya haki. Vipimo vya siku hizi vinaonyesha kwamba Wingu Dogo lina kina kirefu kuelekea kwetu, sehemu zake nyingine ziko mbele na nyingine nyuma, kama inavyotazamiwa kwa galaksi iliyovutwa na kupoteza umbo lake. Hata hivyo lilikuwa mahali panapofaa kuliko popote: karibu vya kutosha nyota zake kutengana juu ya bamba la Bruce, mbali vya kutosha kina chake kisiuharibu mstari.

Sababu ya mstari ilikuja kufahamika baadaye. Ndani ya Sefeidi mna tabaka la heliamu linalozuia joto nyota inapojibana na kuliachia inapotanuka, hivyo nyota hupumua bila kukoma. Nyota kubwa yenye mwanga mwingi ni nyepesi kwa ujazo wake na huchukua muda mrefu zaidi kumaliza pumzi moja.

Wengine waliuchukua mstari ukiwa tayari. Mwaka 1913 Ejnar Hertzsprung wa Denmark alitumia Sefeidi za jirani kuupa kipimo cha umbali. Mwaka 1923 mwanaastronomia Edwin Hubble alipata Sefeidi katika galaksi ya Andromeda, na mwaka 1925 akachapisha matokeo ya NGC 6822, galaksi nyingine kibete isiyo na umbo maalumu, iliyogunduliwa na Edward Barnard mwaka 1884. Humo alipata Sefeidi 11, na kwa kanuni ya Leavitt akaonyesha kwamba iko mbali sana nje ya Njia Nyeupe. Ulimwengu ukawa na galaksi nyingi, na kila moja ikawa na umbali unaoweza kutafutwa.

Leavitt alifariki tarehe 12 Desemba 1921 kwa saratani, akiwa na miaka 53. Alikuwa amegundua nyota badilifu zipatazo 2,400. Alikuwa pia amekamilisha ngazi ya mwangaza ya nyota 96 za karibu na ncha ya kaskazini ya anga, akitumia mabamba 299 ya darubini 13, ili wapimaji wengine duniani wawe na kipimo kimoja. Mwaka 1925 mwanahisabati Gösta Mittag-Leffler wa Uswidi alitaka kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel, asijue kwamba alikwisha fariki.

Mradi wa OGLE wa Chuo Kikuu cha Warsaw, unaotumia darubini iliyoko Chile, umeorodhesha Sefeidi karibu 5,000 katika Wingu Dogo peke yake, na mstari wa mwaka 1912 bado unasimama. Mabamba ya Harvard nayo yamepigwa picha za kidijitali, zaidi ya 400,000, na yanapatikana bure kwenye intaneti. Walimu wa fizikia wa Tanzania na Kenya wasiliache hilo lipite. Jina la Hubble limo katika vitabu vyetu. Wanafunzi wapewe na jina la Leavitt, wapewe picha za Wingu ambalo wao wanaweza kuliona na yeye kutoka Cambridge hakuweza, wapewe rula, lupu na daftari, wachague nyota moja na kuipima usiku kwa usiku hadi kipindi chake kitokee. Vifaa hivyo vilitosha mwaka 1912, na vinatosha leo.